Mwalimu Aliyeinamisha Macho ya Watoto

Ukipita Bagira ukataja jina la maman Emérence, watu wa umri wangu watakusimulia kwanza habari ya macho. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa darasa la kwanza, Bukavu nzima, aliyeweza kupokea watoto sitini wasiotulia mwezi wa tisa na kuwarudisha kwa wazazi wao wamenyooka kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mtoto aliyepita mikononi mwake ulimjua njiani. Ukimsalimu, alisimama, akaunganisha mikono, akatazama vidole vyake vya miguu mpaka umalize kusema. Kwetu Bushi, nchi hii inayozunguka Bukavu, mtoto anayemkodolea macho mkubwa anayesema naye ni mtoto ambaye hakulelewa, na aibu hiyo haimwendei yeye, inamwendea mama yake. Ndiyo maana akina mama walimpenda sana Emérence. Walimletea viazi, walimletea maharage, na siku moja sungura mzima.

Mimi nilifundisha darasa la pili, ng'ambo ya ukuta. Naitwa Gaston. Miaka ile ya Zaïre jina hilo halikuwemo kwenye karatasi yoyote, maana serikali ilikuwa imetunyang'anya majina ya ubatizo, na kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia fulani, kwa jina la babu yake. Lakini uani mwa shule, mkuu asipokuwapo, tulibaki Gaston na Emérence. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba anayesimulia si mpita njia. Nina sehemu yangu katika habari hii, na si sehemu nzuri.

Emérence alizaliwa Nyantende, mtoto wa katekista. Watawa walimsomesha, wakamfundisha kazi ya ualimu, wakitegemea kwamba siku moja atavaa shela kama wao. Hakuvaa. Hakuolewa pia. Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti yake ilipenya ukuta wa matofali hivi kwamba wanafunzi wangu walijifunza upya hesabu za darasa la kwanza bila kutaka. Tuligombana mara nyingi juu ya sauti ile. Yeye alinijibu kwamba afadhali sauti yake kuliko mimi ninayetafuna maneno ndani ya masharubu kama mbuzi. Ni kweli nilikuwa na masharubu makubwa, yaliyofunika mdomo wote wa juu, na niliyapenda kuliko abakosti yangu, lile koti lisilo na tai tulilovaa miaka ile.

Mwezi wa tisa mwaka 1975 aliletwa darasani kwake mtoto aitwaye Colombe. Mama yake, Eulalie, aliuza unga wa muhogo sokoni, na mtoto alikuwa amelelewa na bibi yake kijijini Nyantende mpaka alipofika umri wa shule. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye paji pana la uso na sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Wiki za kwanza alitushangaza sote. Akifundishwa herufi leo, kesho anazo. Katika mtihani mdogo wa mwezi wa kumi alikuwa wa kwanza kati ya watoto sitini na wawili. Lakini alikuwa na kasoro moja, na Emérence alinieleza kasoro hiyo akiwa amekasirika kweli.

"Ananiangaliaka ku kinywa, Gaston. Kila nikisema, macho yake iko hapa." Akagusa midomo yake. "Sijaona mutoto bila adabu kama ule."

"Bibi yake alimuharibu," nikasema. "Samaki unamukunja angali mubichi."

Akamkunja. Hakuwa mtu wa fimbo, lakini alikuwa mtu wa kurudia. Alimshika kidevu akamshusha kichwa, leo, kesho, na keshokutwa. Alimwita na mama yake akamwambia, na Eulalie, kwa aibu, akawa anamfinya mtoto sikio nyumbani kwa kosa lile lile. Kabla ya Noeli Colombe alikuwa ameshika. Mwalimu akifungua kinywa, alitazama vidole vya miguu kama wenzake.

Na tangu siku hizo hakujua tena kitu. Akiulizwa swali hakujibu. Wakati wa dikte, mwalimu akisoma na wenzake wakiandika, aliacha ukurasa mweupe. Mwisho wa mwaka alishindwa, akarudia darasa, na mwaka wa pili ukaanza vilevile. "Ile akili ilikuwa ya kuazima," Emérence alisema. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, kuinama kwa macho na kuzimika kwa akili. Sisi sote tulilelewa hivyohivyo, tungeyaunganishaje?

Kanuni ya shule yetu ilikuwa fupi. Mtoto akishindwa mara mbili katika darasa moja, anafutwa kwenye orodha. Colombe akifutwa angerudi Nyantende kulima na bibi yake, na kusoma kwake kungeishia kwenye herufi zile za mwezi wa kumi.

Kilichomfungulia mlango, kwa muda, ni upuuzi wa serikali. Mwezi wa pili mwaka 1977 ilitangazwa kwamba mkubwa mmoja wa chama atatembelea mji, na walimu wote tukapelekwa kufanya animation, yaani kuimba na kucheza kukisifu chama, siku tatu juani, wenye magoti mazima na wenye magoti mabovu. Mkubwa mwenyewe hakuja. Emérence alirudi darasani bila sauti, hata ya kunong'ona. Mwalimu mwingine angekaa nyumbani. Yeye aliniita darasani kwake, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi maneno ya kuwatangazia watoto: wiki hii, kila mmoja amtazame mwalimu kinywa.

Niliona vichwa vikiinuka kimoja kimoja, kwa woga. Colombe aliwaangalia wenzake pembeni, akainua na yeye.

Emérence akafundisha kwa midomo mitupu. Watoto walikodoa macho na kubahatisha. Colombe alijibu. Alijibu kila swali. Siku ya tatu aliandika dikte ya maneno kumi bila kosa, ila pale mwalimu alipotamka baba yeye aliandika mama. Wengine hawakuandika kitu, kwa kuwa hawakusikia kitu.

Wiki iliyofuata sauti ilirudi, vichwa vikashuka, na Colombe akazimika tena. Emérence alikaa na jambo hilo siku mbili bila kuniambia. Siku ya tatu alimwita Colombe mbele, akamwinua kidevu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akafunika mdomo wake mwenyewe kwa rejista. "Colombe, rudi ku banki yako!" Nilimsikia mimi, ng'ambo ya ukuta. Mtoto hakurudi kwenye dawati lake, alibaki amesimama, anaitazama rejista, akingoja ishuke.

Wakati wa mapumziko Emérence alikuja kwangu. Alifunga mlango nyuma yake.

"Hasikiake, Gaston. Hasikiake hata kidogo. Alikuwa anasoma maneno ku kinywa yangu. Na miye nikamufunga macho. Mwaka muzima."

Nilimwambia pole, neno ambalo siku kama hiyo halisaidii mtu.

Mchana ule alikwenda kwa Eulalie, nami nikamsindikiza. Eulalie alitueleza kwamba mtoto alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa kali, akadungwa sindano nyingi, akapona. Tangu hapo sauti yake ilibadilika. Lakini alijibu alipoulizwa, alitumwa akaleta alichotumwa. Nani angefikiria masikio?

"Maman Eulalie, kosa iko yangu," Emérence alisema. Alisema akimtazama mama yule usoni, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulizoea. "Umuachilie aangalie batu. Usimufinye tena."

Eulalie alimtazama mtoto wake. "Mwalimu, akiangalia bakubwa vile, batasema nini? Batasema mutoto huyu hana mama."

"Baseme."

"Kwako iko rahisi. Hauna mutoto."

Neno hilo lilimchoma, niliona, lakini alisema tu kwamba watakaouliza nani alimharibu mtoto watumwe kwake yeye. Basi Eulalie akamvuta Colombe karibu, akamshika kidevu, na badala ya kukishusha akakiinua. Mkono ulikuwa umejaa unga, ukamwachia mtoto alama nyeupe.

Kuanzia siku hiyo Emérence alianza kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Alinunua kioo kidogo, akasimama mbele yake akijisemea maneno, ajue yapi yanafanana midomoni. Baba, mama na papa, kwenye kioo, ni neno moja. Basi kwa kila m aligusa pua, kwa kila b akagusa shavu, na p akaiacha bila kuigusa. Alimweka Colombe banki ya mbele. Aliacha kusema akiwa ameelekea ubao, na hilo ni gumu kwa mwalimu kuliko unavyodhani. Kila siku baada ya masomo alibaki naye saa nzima. Kufika mwezi wa tano Colombe alisoma sentensi ambazo zilikuwa zinawakwamisha wanafunzi wangu wa darasa la pili.

"Huyu anapita bote," Emérence aliniambia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimwona anacheka. "Kama angesikia, angetufundisha shiye."

Lakini alama zilihesabiwa za mwaka mzima, na miezi ya kwanza ilikuwa sifuri tupu. Mkuu wetu wa shule, citoyen Bisimwa, alikuwa mtu wa haki, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Alimsikiliza Emérence mpaka mwisho.

"Citoyenne, nasikia huruma. Lakini kuko batoto mia mbili inje, banangoja ile banki. Apate nusu ya alama sawa na bengine, atabakia. Akikosa, ataenda."

Emérence alipiga hesabu. Ili Colombe afikishe hamsini kwa mia, ilimpasa apate karibu kila kitu katika mtihani wa mwisho, pamoja na dikte. Na dikte ya mtihani haikusomwa na mwalimu wa darasa. Walimu tulibadilishana, ili mtu asiwapendelee watoto wake. Darasa la kwanza nilikuwa nasoma mimi.

Alikuja kwangu Jumapili baada ya misa. Mke wangu, Martine, akamwekea chai. Hakuigusa.

"Nakuomba vitu mbili, Gaston. Unyoe moustache, mutoto aone kinywa. Na usimame mbele yake, usitembee. Ni ile tu."

Martine alicheka mpaka akaweka birika chini; miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa akiniomba jambo la kwanza bure. Mimi sikucheka. Nilisema nitafikiri, na nakiri kwamba nilikasirika. Mtu mzima anyoe masharubu kwa ajili ya mtoto mmoja wa muuza unga! Niliikasirikia habari hiyo wiki nzima. Lakini asubuhi ya mtihani nikachukua wembe. Nilipojitazama niliona kuku aliyenyonyolewa. Uani mwa shule walimu wakanipigia makofi, na Emérence akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. Sijawahi kushukuriwa vile maishani mwangu. Niliingia darasani nikijiona shujaa.

Dikte ilikuwa na sentensi tano. Nilisimama mbele ya Colombe, nikasoma ya kwanza polepole. Macho yake yalifuata midomo yangu, penseli ikaandika. Ya pili vilevile. Nilikuwa bado nasikia makofi yale ya uani. Halafu mtoto mmoja wa nyuma akachungulia daftari la jirani yake, na miguu yangu ikaondoka. Mazoea yana taabu. Miaka yote ya ualimu wangu nilisoma dikte nikitembea kati ya mabanki. Sentensi ya tatu niliisoma nikiwa katikati ya darasa, na ya nne nikiwa nyuma kabisa, nimemwinamia yule mwizi mdogo. Niliporudi mbele Colombe alikuwa amekaa wima, penseli ameilaza. Hakugeuka nyuma kunitafuta. Kugeuka nyuma wakati wa mtihani ni kuiba, na hilo pia sisi ndio tuliomfundisha. Alinitazama mdomo, akingoja. Mistari miwili ilikuwa myeupe.

Nilisoma ya tano. Aliiandika vizuri.

Utaniuliza kwa nini sikurudia. Kanuni ilisema kila sentensi isomwe mara mbili, na nilikuwa nimezisoma mara mbili, na mimi nilikuwa mtu wa kanuni. Nilikusanya karatasi. Nilipofika mlangoni ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bisimwa, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza akitazama ile sehemu ya uso wangu iliyobaki tupu.

"Ukirudilia dikte ya mumoja, utarudilia ya bote sitini na mbili," alisema. "Na kesho muzazi mwengine atakuya na yake. Hapana, citoyen."

Colombe alipata alama arobaini na sita. Mistari ile miwili ilikuwa na alama nane.

Nilimwambia Emérence mimi mwenyewe, sikumwachia mtu mwingine. Nilingoja anitukane. Alikaa kwenye ngazi ya darasa lake, akaikunja sketi yake magotini, akasema, "Miye nilimufunga macho mwaka muzima. Weye dakika mbili." Nilitamani angenitukana.

Ikaja siku ya proklamasyo. Siku hiyo wazazi wote wanakusanyika uani, na mkuu anasoma majina ya waliofaulu, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna anayeambiwa kwamba ameshindwa. Jina lako halisomwi, basi. Tulikuwa tumemwambia Eulalie, lakini alikuja, amevaa kitenge chake cha Pasaka, na mtoto amempaka mafuta miguuni. Labda alifikiri tumekosea kuhesabu.

Bisimwa alisoma akiwa ameinua karatasi mbele ya uso. Kila jina likitajwa mtoto aliruka, mama yake akapiga vigelegele na kummwagia poda kichwani. Colombe aliinamisha shingo huku, akaiinamisha kule, akitafuta mdomo nyuma ya karatasi ile. Hakuupata. Aliwatazama wenzake waliojaa poda. Mwishowe akaacha kuitazama karatasi, akamtafuta Emérence katika safu yetu.

Mkuu akisoma, walimu tunasimama tumeinamisha macho, ndiyo heshima. Emérence aliinua uso. Mbele ya wazazi wote, mbele ya mkuu wake, alimtazama Colombe na kusema naye kwa midomo mitupu, akigusa pua, akigusa shavu. Hakuna aliyesikia kitu. Lakini kwa miezi ile nilikuwa nimeshaanza kuelewa kidogo. Alimwambia: jina lako halimo. Kosa si lako. Kesho kwangu, saa mbili.

Colombe akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia, uso wake ukiwa juu, mbele ya watu wote.

Kesho yake alikwenda. Likizo ilipoisha Emérence aliendelea kufundisha shuleni asubuhi, na mchana akamfundisha Colombe uani kwake. Mwaka uliofuata walikuwa watatu: aliongezeka mvulana wa Luhwindja mwenye kigugumizi, aliyekwama hata akitaja jina lake mwenyewe, na msichana ambaye hakuona ubao. Mwaka 1983 nilihesabu kumi na mmoja. Shule ziliwafuta, yeye akawapokea, na hakuna aliyemlipa. Neno lake la kwanza kwa kila mtoto mpya lilikuwa "Inua macho." Shuleni nako aliacha kabisa kuinamisha watu. Akina mama walinung'unika kwamba maman Emérence amezeeka, siku hizi watoto wake hawana adabu. Viazi vikapungua, na sungura hakuja tena.

Colombe hakupata cheti. Nalisema wazi, kwa kuwa watu wanapenda habari kama hizi ziishie kwenye cheti. Alijua kusoma, kuandika, kuhesabu na kushona, na alipofika miaka kumi na mitano ndiye aliyewashika wadogo pale uani mwalimu wake alipochoka.

Emérence alikufa mwaka 1988, kwa ugonjwa wa moyo. Walimlaza chumba cha mbele, na watu tukapita mmoja mmoja, macho chini. Colombe alipofika alisimama. Aliinama juu ya uso ule, akautazama mdomo. Aliutazama muda mrefu mpaka watu wa nyuma wakaanza kusukumana.

"Musichana huyu hakulelewa?" akauliza shangazi mmoja wa Nyantende.

"Alilelewa, maman," nikamjibu. "Ule mwenye kulala pale, ndiye alimulea."

Makaburini padri alikuwa mzungu mzee, ndevu mpaka kifuani. Alipoanza kusema Colombe alimkazia macho, akahangaika, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ile isiyopanda wala kushuka, "padri anasema nini?"

Tangu mtihani ule sikufuga tena masharubu. Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikaligeuzia kaburi mgongo, nikawa namrudilia kila neno la padri kwa midomo. Mvua ikaanza kunyesha na watu wakasogea kujibanza chini ya miavuli. Mimi sikusogeza mguu mpaka padri alipomaliza.